Koleta na Kuku wa Njia

Katika ukoo wa Mzee Mayala, mwanamume hakuwa anaondoka kwenda mbali bila kuacha kuku. Si kuku wa kuuza, wala wa kitoweo. Alikuwa mtetea mchanga, aliyechaguliwa na msafiri mwenyewe na kukabidhiwa mkewe mbele ya wazee, naye aliitwa kuku wa njia. Hachinjwi, hauzwi, hapewi mgeni hata awe mgeni wa heshima namna gani. Siku msafiri akirudi ndipo anachinjwa, na firigisi anaila yeye. Kuku akifa kabla ya hapo, ukoo unakaa matanga, hata kama hakuna aliyeleta habari ya msiba. Mambo hayo yalianza kwa baba yake Mayala, aliyebeba meno ya tembo begani kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi salama mara nne. Mara ya tano kuku alikufa, na yeye hakuonekana tena. Baada ya hapo nani angebisha? Padre wa Kipalapala peke yake ndiye aliyebisha, akasema ni upagani mtupu. Mzee Mayala, aliyebatizwa uzeeni na asiyekosa misa, alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda zake nyumbani kumwagia kuku mtama.

Kasimiri, mwanawe wa kwanza, aliondoka mwaka 1946 baada ya mavuno, akapanda treni pamoja na vijana wengine kwenda kukata mkonge upande wa Kilosa. Alimwachia mkewe Koleta nyumba ya udongo, binti wa miaka miwili aliyeitwa Flavia, na kuku mwekundu wa kishingo, asiye na unyoya hata mmoja shingoni. Alisema atarudi kabla kuku hajaanza kutaga. Kuku alianza kutaga mwezi wa tatu baada ya hapo. Mwaka wa kwanza zilikuja salamu kwa mdomo wa mtu aliyerudi. Mwaka wa pili zilikuja salamu kwa mdomo wa mtu aliyezisikia kwa mwingine. Mwaka wa tatu hapakuja kitu.

Mwaka wa nne, wakati wa kiangazi, ndui ya kuku iliingia kijijini. Vipele viliota kwenye vilemba na kwenye kope, na vifaranga vikafa kila siku. Kuku wa njia hakufa, ila macho yake yalivimba yakafunga. Koleta alimwosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu asubuhi na jioni, akambandua magamba taratibu kwa kidole chenye mafuta ya karanga. Magamba yalipotoka, jicho moja lilikuwa limenywea ndani na la pili limekuwa jeupe tupu. Akapunga mkono mbele yake. Kuku hakushtuka.

Tangu siku hiyo Koleta alipata kazi ambayo mtu akiielezea watu hucheka, na wengi walicheka. Kuku asiyeona hawezi kula na wenzake, maana wenzake hawana huruma hata kidogo. Wakishajua haoni, wanamdonoa kichwani mpaka damu. Kwa hiyo alikula peke yake, nyuma ya jiko, Koleta akigonga ukingo wa bakuli kwa ukucha, tik, tik, na kuku akija moja kwa moja, kichwa upande, akihesabu hatua. Maji yalikaa kwenye kigae kilichochimbiwa chini, na kigae hicho hakikuhamishwa. Kinu nacho hakikuhamishwa. Mwanamke yeyote aliyekuja kutwanga na kukisogeza hata shubiri moja alisikia maneno ya Koleta, na Koleta hakuwa na ulimi laini. Mwewe akipita juu, kuku wengine walikimbilia chini ya kihenge. Huyu alibaki katikati ya uwanja akichakura, mpaka Koleta atoke mbio na mwiko mkononi. Na jua likizama, wengine waliingia bandani wenyewe. Yeye hakujua kuwa jua limezama. Ilibidi abebwe kila jioni kuingizwa ndani ya nyumba, chini ya kitanda cha Koleta.

Wenye kucheka hawakujua hesabu aliyokuwa nayo. Kuku akifa, Kasimiri amekufa, na Koleta ni mjane. Koleta alikuwa mtu wa Puge, mbali na pale, na mume wake hakumwachia mtoto wa kiume. Mjane wa namna hiyo, kama hakurithiwa, hurudi kwao. Shemeji yake Nikolaus alikuwa amefunga ndoa kanisani na hakutaka wala asingeruhusiwa kumrithi. Mahari ya Koleta ilikuwa imekamilika zamani, kwa hiyo Flavia alikuwa mtoto wa ukoo wa Mayala. Asingekwenda Puge kamwe. Hayo hayakuwa yanasemwa, lakini kila mtu aliyajua, kama vile mtu anavyojua njia ya kisimani. Mwanzoni Koleta alimtunza kuku kwa sababu ya Kasimiri. Baadaye, na aliona aibu kukiri hivyo hata mbele ya padre, alikuwa hamngojei tena Kasimiri. Alimtunza kuku kwa sababu ya Flavia, aliyelala ubavuni pake na kumsukuma kwa magoti.

Mkwewe alikuwa upande wake, ingawa kwa desturi hawakuweza kukaa pamoja. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Koleta alipiga magoti mbali, akasema, "Shikamoo baba," naye mzee akajibu, "Marahaba, mama Flavia," akitazama pembeni. Chakula kiliwekwa mlangoni, na Koleta akaondoka kabla mzee hajanawa. Maneno marefu yalipitia kwa Flavia. Lakini kila asubuhi mzee alikalia kigoda chake mahali ambapo angeweza kumwona kuku, na akishamwona anakunywa maji, alishusha pumzi, akaanza siku yake.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka msimu wa kuvuna karanga wa mwaka 1953. Siku hiyo Koleta alikazana shambani kwa sababu lilibaki tuta moja, na mtu aliyebakiza tuta moja anajidanganya kuwa jua litamngoja. Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia. Flavia alikuwa amepitia kisimani. Koleta aliita, akagonga bakuli. Akamkuta kuku nyuma ya jiko, kando ya kigae chake cha maji, shingo imetafunwa. Kicheche hakuwa hata amemla; alimuua akaenda zake.

Koleta hakulia. Kulia kungeita watu. Alimfukia pale pale chini ya ua wa minyaa kwa jembe aliloshika, akasawazisha udongo kwa mguu, na Flavia alipoingia na mtungi aliambiwa kuku yuko ndani, anaumwa, asisumbuliwe. Alfajiri alijitwisha debe la karanga akaenda Tabora mjini.

Huko sokoni palikuwa na Bi Swaumu, mama wa mjini aliyeuza kuku kwenye matenga. Koleta alimwambia anataka kishingo mwekundu, mkubwa, mzee. Bi Swaumu alisema watu wote wanataka kuku laini, yeye anataka mzee, kulikoni? Koleta akasema ni dawa. Bi Swaumu hakuuliza zaidi. Tenga la tatu lilikuwa naye, rangi ile ile, shingo ile ile nyekundu yenye makunyanzi. Wakabadilishana kwa karanga, na Koleta akarudi na kuku ndani ya khanga, akipita vichochoro vya nyuma.

Sasa ikabaki kazi moja. Kijiji kizima kilijua kuwa kuku wa njia ni kipofu. Koleta alijifungia jikoni, akatia spoki ya baiskeli motoni, akambana kuku katikati ya magoti. Spoki ikawa nyekundu. Akaishika kwa kitambaa, akamgeuza kuku kichwa. Kuku akamtazama. Miaka mitatu Koleta hakuwa ametazamwa na kuku yule, na sasa jicho hili la manjano lilikuwa linafumba na kufumbua, linamtazama yeye, linatazama moto, linamtazama tena yeye. Akamfikiria yule aliyelala chini ya minyaa, jinsi alivyokuwa akisimama uwanjani hajui aende wapi wenzake wakikimbia mwewe. Akaisogeza spoki. Akairudisha. Mara ya tatu aliitupa majivuni, akamkumbatia kuku na kulia kwa mara ya kwanza, akiuma ukingo wa khanga ili sauti isitoke.

Kesho yake asubuhi mlango ulipofunguliwa, kuku alitoka mwenyewe, akaona mtama kwenye uwanja, akaukimbilia, kisha akarukia juu ya kinu na kujikung'uta. Mzee Mayala alikuwa kwenye kigoda chake. Alinyanyuka bila fimbo.

"Mama Flavia," alisema, "kuku anaona."

Hapo ndipo Koleta angeweza kusema. Maneno yalikuwepo, na mzee alikuwa mtu wa kusikiliza. Lakini alimwona anatetemeka kidevu, na Flavia amesimama nyuma yake na mswaki mdomoni.

"Ndiyo, baba," alisema. "Ameamka anaona."

Alidhani yameishia hapo. Hakujua amefungua nini. Jioni mzee akawaita Nikolaus na majirani, akawaeleza kwa utaratibu: kuku wa njia alipofumba macho, ina maana Kasimiri aligeuza uso huko aliko, akasahau nyumbani. Sasa kuku amefumbua. Kasimiri amekumbuka. Yuko njiani. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa kila mmoja alikuja kupunga mkono mbele ya kuku na kumwona anakwepa. Wanawake wakaanza kuloweka mtama wa pombe. Watu waliokuwa wakimcheka Koleta kwa miaka mitatu sasa walimpa mikono, wakamwambia uvumilivu wake umelipa. Flavia naye, jioni ile, alichukua bakuli akaenda nyuma ya jiko, akagonga ukingo wake. Kuku hakuja. Mtoto alimtazama mama yake, kisha akarudisha bakuli mahali pake.

Mzee Mayala akaanza kwenda stesheni. Kila siku ya treni ya kutoka pwani aliamka kabla ya jogoo, akavaa koti lake la misa, akashika njia ya Tabora. Siku za mwanzo Nikolaus alimpeleka kwa baiskeli. Baadaye Nikolaus alichoka, ana mashamba yake na watoto wake, na mzee akawa anakwenda kwa miguu. Alisimama penye geti wanapotokea abiria, akamtazama kila kijana usoni, akawauliza waliotoka kwenye mkonge kama wamemwacha nyuma mtu anaitwa Kasimiri. Wengine walimjibu vizuri. Wengine walimpita. Mwezi ukaisha, ukaja wa pili, kiangazi chote kikapita, na mvua zikaanza.

Koleta alijaribu kusema. Mungu anajua kuwa alijaribu. Siku moja alimfuata njiani na viazi alivyosahau, akamkuta amekaa kwenye jiwe, viatu mkononi. Akapiga magoti kando ya njia, akawa anatafuta neno la kuanzia. Mzee akamtangulia. Akamgeukia, akamtazama usoni sawasawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Koleta aolewe na mwanawe.

"Yeye hakutaka kwenda," alisema. "Alitaka kubaki alime. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba katika ukoo huu mwanamume ambaye hajatoka hajawa mwanamume. Nilimfukuza, mama Flavia. Kwa hiyo lazima mimi ndiye nimpokee."

Akachukua viazi, akashukuru, akaendelea na safari. Koleta alibaki na magoti yake kwenye vumbi. Angemwambiaje?

Siku ya mvua kubwa mzee alirudi amelowa mpaka mifupani, na usiku huo homa ikampanda. Ilikuwa kichomi. Kwa siku nne alikohoa, akishika ubavu, na siku ya tano asubuhi Nikolaus alichukua baiskeli kwenda Kipalapala kumwita padre aje na mafuta matakatifu. Mkewe Nikolaus alikuwa kwao kujifungua. Flavia alikuwa amekwenda kisimani. Koleta peke yake alibaki, amekaa nje ya mlango wa mkwewe kama desturi inavyotaka, anasikiliza pumzi.

Mara mzee akaita kutoka ndani. Alisema Kasimiri amefika. Sauti yake ilikuwa safi kabisa, ya mtu aliyeamka vizuri. Alisema amemsikia anaingia uani na kuweka mzigo chini, kwa nini nyumba imekaa kimya hivi?

"Mbona hamjamchinjia?" aliuliza. "Mnamngoja nani tena?"

Koleta alisimama uwanjani. Kuku alikuwa pale karibu na kihenge, mnene, macho makali, anachakura. Akiwa hai yule, ukoo mzima utangoja, hata mzee akiondoka. Watangoja kwa imani zaidi kuliko mwanzo, maana wameona kwa macho yao. Flavia atalala ubavuni pake mwaka huu na mwakani na mwaka mwingine. Akichinjwa, na Kasimiri hayupo, basi. Ilitosha kwake kukaa kimya kidogo tu. Mgonjwa angesinzia, angesahau, na padre angefika. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Ila yeye ndiye aliyemtuma mzee kwenye mvua. Hakumtuma kwa maneno, lakini alimtuma.

Kumshika kulimchukua muda. Kuku aliona kila hatua yake, akampitisha nyuma ya jiko, chini ya kihenge, akamzungusha uwanja mara mbili kabla hajambana kwenye kona ya minyaa. Koleta hakuwa amewahi kuchinja. Hiyo ni kazi ya wanaume, na hapakuwa na mwanamume. Alichinja vibaya, akamwomba kuku radhi kwa Kinyamwezi. Akamnyonyoa, akamchemsha, akachukua firigisi na mchuzi kwenye bakuli.

Akavuka mlango wa mkwewe. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, akamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, mkamwana na baba mkwe, jambo la aibu kubwa kama mtu angeona. Mzee alimeza mchuzi kidogo kidogo. Alipopewa firigisi aliufunga mdomo.

"Hiyo ni yake," alisema. "Ameshakula?"

"Ameshakula, baba. Amekuachia wewe kipande."

"Amekonda?"

"Hapana. Amenenepa."

Mzee akakubali kipande, akakitafuna muda mrefu. Akauliza kama Kasimiri amemkasirikia. Koleta akamwambia hajakasirika hata kidogo, amelala tu kwa uchovu wa njia, ataamka. Basi mzee akasema asiamshwe. Nikolaus na padre walipofika, mzee alikuwa bado anapumua, ana mafuta ya mchuzi kidevuni, na Koleta amekwisha rudi mahali pake nje ya mlango. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo, wawili kati yao wakiwa wametoka Tura, walikaa kulizungumza jambo la kuku. Nani alimchinja? Koleta akasema ni yeye. Kwa amri ya nani? Ya baba. Msafiri amerudi? Hajarudi. Hawakumfokea. Pengine angefarijika kama wangemfokea. Mmoja alisema kwa upole kwamba kuku ameliwa, kwa hiyo kungoja kumekwisha, na matanga ya baba yatakuwa pia matanga ya mwana. Koleta alifikiri kuwaambia kwamba huyo aliyeliwa hakuwa kuku wa njia. Lakini ukweli huo ungewaambia nini, isipokuwa kwamba kuku wa njia alikufa tangu wakati wa karanga? Nikolaus alisimama kumtetea shemeji yake, akasema aachwe alee mtoto wake mpaka akue. Wakamuuliza atamweka kama nani. Akakaa chini, akafunika uso kwa mikono. Walimpa Koleta muda wa kukaa mpaka baada ya mvua.

Asubuhi ya kuondoka, ndugu yake alikuwa amekwisha fika kutoka Puge kumchukua, na mzigo wake mdogo ulikuwa umefungwa. Koleta alikuwa bado amekaa mlangoni, anashona gauni jipya la Flavia. Alilikata refu mno, la mtu mzima karibu, kisha akalikunja pindo mara tatu, kila kunjo na uzi wake. Akamwonyesha mtoto kwa kidole. Mwakani magoti yakianza kuonekana, ufumue uzi huu wa juu. Mwaka unaofuata, huu hapa. Ufumue polepole usije ukachana kitambaa.

Flavia alishika kunjo la tatu kati ya vidole vyake.

"Na huu ukiisha, mama?"

Koleta aliukata uzi kwa meno, akamwambia asimame, alipime.